Sahani ya Jumatano

Mkahawa una meza tano na hauna cha kuchagua. Jumatatu ni maharage, Jumanne samaki. Jumatano kila mteja huletewa kile ambacho mama yake anakula saa hiyo hiyo, popote alipo. Aliyefiwa na mama huletewa sahani tupu iliyooshwa vizuri, na watu humpisha akae dirishani. Usipopenda, njoo Alhamisi, kuna wali.

Jumatano hiyo waliingia daktari wa meno na mzee aliyekuwa karibu kuwa baba mkwe wake. Mzee ndiye aliyechagua siku.

"Mama yangu alitangulia zamani, na wako naye hayupo," alisema. "Tukae na sahani zetu, mwanangu, tujuane."

Daktari angekataaje? Mama yake alikuwa hai, mzima kabisa, safari ya basi moja tu kutoka hapo. Ila hakuwa na meno, ya mbele wala ya nyuma, na kicheko chake kilifika barabarani kabla yake. Siku ya kujitambulisha ukweni, daktari alipoulizwa mama yuko wapi, aliona haya, akamuua kwa neno moja. Uongo nao ni mtoto, ukishauzaa sharti uulee.

Walipoketi dirishani, mzee alikwenda kunawa. Mpishi, mwanamke mnene asiye na papara, akaleta sahani mbili. Ya mzee ilikuwa tupu. Ya daktari ilikuwa na viazi viwili vya kuchemsha, kimoja kimepondwapondwa kwa uma.

"Huyu yuko hai," mpishi alisema.

"Naona."

"Hicho kizima kajiwekea cha usiku. Usikiguse. Ukila wewe, yeye hapati."

Kile kilichopondwa kilikuwa kinapungua taratibu, donge kwa donge. Daktari alimjua mlaji: anasagia kwa fizi, anapumzika, anameza. Alishamwahidi meno, na kila akikumbushwa ni kesho, kesho, ilhali kutwa nzima kazi yake ni kuwawekea watu meno.

Mama akamaliza. Kikabaki kiazi kizima peke yake. Kule nyuma bomba lilifungwa, na hatua za mzee zikasikika zikirudi.

Daktari akakitia kiazi chote mdomoni. Hakikuwa na chumvi.

"Haya," mpishi alisema, akaenda meza nyingine.

Mzee aliketi, akaziangalia sahani mbili tupu, kisha akamshika bega.

"Pole, mwanangu. Ndiyo dunia. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Daktari aliziba mdomo kwa kiganja, akatikisa kichwa. Machozi yakamlengalenga mzee.

"Basi, basi, usiseme. Kwetu utapata mama mwingine."

Daktari akainama zaidi, akatafuna polepole asisikike.