Pweza Anaomba Barua ya Utambulisho

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kwenye foleni ya ofisi ya serikali ya mtaa wetu, Korogwe, asubuhi, jua linawaka, na mbele yangu kasimama pweza. Ana mikono minane na kila mkono umeshika mwiko wa fundi ujenzi. Nikamjua hapo hapo. Nikaangalia chini.

Ngoja niwaeleze kwanza. Huyu pweza ni wa gemu. Mashine yake tulikuwa tunaiita Kimondo, sababu ilikuwa na picha ya nyota inaanguka kwenye mfuniko, na jina lake la Kijapani lilitushinda. Baba yake Hoza alinunua gari la mtumba, akafungua buti akaikuta, na gemu zake tatu. Hoza ni rafiki yangu tangu chekechea. Tulikuja kusoma baadaye kwamba Kimondo iliuzwa miezi kumi na minne tu, wenyewe wakaacha kuitengeneza, na zile gemu hazijawahi kuingia kwenye mashine nyingine yoyote.

Moja ni ya bibi anayeshindana baiskeli kinyumenyume. Ya pili ni ya kipa, unakaa golini peke yako, mpira wa kwanza unakuja dakika ya themanini. Ya tatu ni ya pweza, unajenga mji chini ya bahari. Hoza alijenga nyumba mia na kumi na mbili. Mwaka mzima, kila akitoka shule.

Mji huo niliufuta mimi.

Kumbukumbu ya mashine ilikuwa imejaa, na mimi nilitaka kuhifadhi ubingwa wangu wa kipa. Kijapani hatusomi, menyu tulizikariri kwa sura. Neno linalofanana na kibanda ni hifadhi, linalofanana na mtu ameanguka ni futa. Kwa hiyo siwezi kusema nilikosea. Mashine iliuliza mara mbili, nikakubali mara mbili. Hoza alivyorudi toka dukani nikamwambia, mwanangu, betri ya kumbukumbu imekufa. Akaipeleka kwa fundi abadilishe betri. Fundi akafungua, akachomelea, Kimondo haikuwaka tena. Sasa ni miaka miwili. Hoza yuko Mpanda kwa dada yake. Tunatumiana salamu za Idi, basi.

Haya, turudi kwenye foleni.

Pweza anageuka. "Kaka, wewe ndiyo wa mwisho?"

"Ndiyo."

"Una uhakika?"

"Ndiyo."

Nikaona benchi, nikataka kukaa. Benchi likasema, "Nimejaa. Futa mmoja ndiyo ukae."

Wamekaa wanne. Bibi wa baiskeli, kaupa ukuta uso, maana yeye kila kitu anafanya kwa nyuma. Kipa, na glavu zake. Wawili siwajui.

"Nitasimama tu," nikasema.

"Ee, leo unasimama," akasema bibi, bila kugeuka. "Siku ile ulishindwa kusimama?"

Kipa akacheka mpaka glavu moja ikamdondoka. "Muache bwana, bibi. Mimi ubingwa wangu ndiyo huyu kanipa."

"Ubingwa wa kudaka mpira mmoja!"

"Si umekuja mmoja? Ningedaka mingapi?"

Mlango wa ofisi ukafunguka, tukaingia wote. Nyuma ya meza kakaa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti ni Kimondo yenyewe. Imefunikwa kile kitambaa cheupe cha kufuma alichoifunikia mama Hoza, kama televisheni ya sebuleni. Ikitaka kuongea inainua mfuniko.

"Shikamoo mwenyekiti," nikasema.

"Marahaba. Pweza, shida yako?"

"Mzee, naomba barua ya utambulisho, nihamie kwenye simu. Au popote. Nimeenda kwenye simu, mlangoni wakaniambia mimi ni wa Kimondo tu. Nimeenda kwenye kompyuta, wa Kimondo tu. Nimejaribu mpaka mashine ya kukamulia miwa."

"Wakasemaje?"

"Walinipokea vizuri. Ila hawana skrini."

Mwenyekiti akavuta fomu. "Makazi ya sasa?"

Miko minane ya pweza ikashuka taratibu. "Nilikuwa na nyumba mia na kumi na mbili," akasema. "Sikupanga hata moja, zote nilijenga. Asubuhi moja nimeamka, hakuna. Hata mchanga hakuna. Sikuambiwa kosa langu."

Mimi nilikuwa naangalia kalenda ya ukutani. Kalenda ikaniambia, "Usiniangalie mimi."

Kufumba na kufumbua tuko kibandani kwa fundi. Kimondo imelazwa mezani, mfuniko wazi, harufu ya risasi ya kuchomelea inayeyuka. Fundi anagusisha mita yake kwenye betri, mara moja, mara ya pili.

"Betri hii nzima," anasema. "Nani kasema mbovu?"

Kipa ananiangalia. Bibi, kwa mara ya kwanza, anageuka. Nataka kusema ni mimi, lakini mdomo unaleta menyu ya Kijapani, maneno yanapanda na kushuka, na mimi sura zote nimezisahau.

"Usichomelee, fundi," nikapata kusema. "Mzima huyo."

"Umechelewa, kijana. Mimi nafuata maelezo ya mteja. Mteja kaambiwa na rafiki yake."

Akachomelea.

Kimondo ikaongea pale pale mezani, taratibu, kama mgonjwa anayeaga. "Kule nilikotoka walinitaka miezi kumi na minne. Hapa Korogwe nilitakwa na mtu mmoja, lakini alinitaka kila siku. Barua ya pweza nitaigonga mhuri. Nataka maelezo ya aliyefuta."

"Nitakuandikia, mzee. Sasa hivi."

"Usiniandikie mimi. Mimi si mwenye mji."

Pweza akanipa pedi ya kuchezea gemu. Pedi ile ile, ya waya mrefu, kitufe cha kushoto kimelika. Nikaiweka sikioni. Ikaita.

"Haloo?" Sauti ya Hoza, ya usingizi.

Nikasema. Sikuanza na za siku nyingi. Nikamwambia betri ilikuwa nzima, kumbukumbu ilijaa, mji wako niliuona kabisa kwenye skrini, hata taa zinawaka, nikaufuta kwa sababu ya kipa anayedaka mpira mmoja. Nikamwambia mashine isingekufa. Nikamwambia kila Idi nilikuwa naandika hayo halafu nayafuta, natuma salamu.

Nasikia Hoza anapumua.

"Una uhakika?" akauliza mwishowe.

"Ndiyo."

"Una uhakika?"

"Ndiyo, Hoza. Nilijua nabonyeza nini."

Nilikuwa nalia sasa, na fundi akanipa kile kitambaa cha kufuma nijifute. Pweza akaninyooshea mkono. "Nipe na mimi nimsalimie."

Akapokea pedi kwa adabu, kwa mikono miwili, ile sita akaificha nyuma. "Hujambo, bosi. Mimi mjenzi wako. Hapana, sijakasirika. Nina swali moja tu, linanisumbua. Ile nyumba ya mwisho, ya dirisha la duara, ulinijengesha mara tatu mpaka ikakaa sawa, halafu hukumweka mtu ndani. Ilikuwa ya nani?"

Akatega sikio. Waya wa pedi ukachomoka.

Nikaamka. Jogoo wa jirani anawika, mama anafagia nje. Simu yangu iko chini ya shavu, ya moto. Nikaangalia. Simu iliyopigwa: Hoza, Mpanda, dakika kumi na tisa, alfajiri hii. Chini yake kuna ujumbe:

"Betri nilijua zamani, fundi aliniambia. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe. Halafu yule mzee uliyempa simu, imekatika kabla sijamjibu. Mwambie ile nyumba ya dirisha la duara ilikuwa yako."