Jina la Dawa

Mnavu mzuri ulikuwa unaota nyuma ya ukuta wa karakana ya halmashauri, pale bomba bovu lilipovuja mwaka mzima bila fundi kuja. Dobi aliinama, kanga kaifunga kiunoni, akawa anavunja vichwa tu na kuacha mashina yachipue tena. Mchicha pori aliukuta chini kidogo, ukingoni mwa mfereji. Mchunga aliuchuma majani machache, kwa sababu mama mkwe wake alipenda uchungu wake.

Majani yalikuwa yamelowa. Umande, alijiambia, ingawa nyasi za upande wa pili wa mfereji zilikuwa kavu. Kulikuwa na harufu pia, kama ya mafuta ya taa. Lakini karakana haikosi harufu. Alijaza mfuko na kurudi nyumbani kabla jua halijapanda.

Walimwita Dobi kwa kuwa alifua mashuka ya hospitali kubwa kwa miaka kumi na saba, mpaka kazi ikapewa kampuni, na kampuni ikaja na mashine zake na watu wake. Siku ya mwisho aliambiwa arudishe aproni na mabuti. Jina hawakulidai, akabaki nalo.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni juu ya kigoda, miguu yake iliyovimba kainyoosha mbele. Mwanawe, mume wa Dobi, aliaga kwenda kutafuta kazi mwaka wa sita sasa, hata salamu hajatuma. Bibi alikuwa na mzaha wake kuhusu jambo hilo: mwanangu alikuoa, akakimbia, tukabaki mimi na wewe, sasa nani kamwoa nani?

"Umefika shambani kwako?" aliuliza.

"Nimefika, mama. Leo limejaa."

"Shamba halina jembe, halina bwana shamba. Sisi ni matajiri, hatujijui tu."

Binti wa Dobi alikuwa ameshakwenda shule na kikombe cha chai ya rangi tumboni. Maji yalibaki nusu ndoo. Siku nyingine Dobi angeyaosha majani mara tatu. Leo aliyaosha mara moja, ili mama mkwe apate ya kuogea. Akayachemsha kwa chumvi, akampakulia bibi, mengine akayafunika kwenye sufuria kwa ajili yake na binti. Kisha akatoka kwenda kubisha hodi kwenye nyumba za watu, kuuliza kama kuna nguo za kufua.

Hakufika mbali. Barabarani aliwakuta wanaume watatu wamebeba pampu mgongoni, wamevaa mabuti ya mpira, nyuso wamezifunika hadi machoni. Wanatembea polepole wakinyunyizia ukingo wa mfereji. Msimamizi wao alikuwa ameketi juu ya pikipiki na karatasi mkononi.

"Mnapiga nini hapa?" Dobi aliuliza.

"Dawa. Rudi nyuma, mama, usije ukalowa."

"Dawa ya nini?"

"Ya magugu. Kesho anapita mgeni mkubwa, barabara iwe safi."

"Hayo si magugu. Ni mboga."

Msimamizi aliitazama karatasi yake, kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kuwa na hakika. "Hapa imeandikwa magugu."

"Na kule nyuma ya ukuta wa karakana?"

"Kule tulimaliza jana jioni. Ndiko tunakochanganyia."

Alikimbia. Ndara moja ilimvuka njiani, hakuirudia. Mama mkwe alikuwa pale pale kwenye kigoda, anajifuta midomo kwa ncha ya kanga, na sufuria iko miguuni pake, tupu.

"Usinikasirikie, mwanangu," alisema. "Nimekula na ya kwenu. Sijui leo ni njaa gani hii. Ila mchunga wako mkali, mdomo wote unaniwaka."

Tangu aolewe, Dobi hakuwahi kumgusa mama mkwe wake usoni. Sasa alipiga magoti, akasema, "Nisamehe, mama," akamwingizia vidole viwili kooni. Bibi alimng'ata, akapaliwa, akatapika maji ya kijani mapajani mwa mkwewe. Hayakuwa mengi. Muuza maji aliyekuwa anapita alishusha madumu yake, wakampakia bibi kwenye mkokoteni.

Hospitalini walimlaza wodi ya wanawake, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Daktari alikuwa msichana mwenye macho ya mtu aliyekesha. Alimulika mdomo wa bibi, akaona ulimi umebabuka, akamvuta Dobi pembeni.

"Ni dawa gani?"

"Ya magugu."

"Zipo nyingi. Jina lake?"

"Sijui, daktari."

"Nisikilize vizuri, mama. Kifua chake kimeanza kubana. Ipo sumu ambayo nikimpa mgonjwa hewa ya mtungi namzidishia kuungua mapafu. Na ipo nyingine ambayo nisipompa hewa, anakufa. Lazima nijue ni ipi. Nimepiga simu halmashauri, wanasema wanataka mtu aje mwenyewe."

Dobi alikwenda kwa miguu, mguu mmoja peku. Alipitia karakana, akakuta lango limefungwa kwa kufuli na wanaume wa pampu hawapo, akaendelea hadi halmashauri. Ofisa Mazingira alikuwa ametoka kukagua njia ya mgeni. Alimngoja kwenye benchi hadi karani akafunga madirisha na kumwambia arudi asubuhi. Asubuhi alifika kabla ya mfagizi.

Binti alibaki wodini na bibi yake. Shule hakwenda.

Ofisa alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye sauti ya taratibu. Alimkaribisha kiti. Alimpa pole. Kisha akachukua kalamu.

"Nani alikuruhusu kuchuma pale?"

"Hakuna aliyewahi kunikataza."

"Sijauliza hivyo. Hakuna aliyekuruhusu."

"Hakuna."

Akaandika.

"Mzee wangu, naomba jina la dawa tu. Daktari anangoja."

"Nakuelewa, mama. Lakini jina ni suala la kitaalamu. Likitoka hapa kienyeji, kesho liko gazetini, na watu waanze kusema halmashauri inaua wananchi."

"Mngeweka hata tangazo. Kibao tu."

Ofisa aliinua macho, na kwa mara ya kwanza alionekana kuudhika. "Tangazo tulitoa. Wenye ng'ombe na mbuzi wote tuliwaandikia barua, siku saba kabla. Hakuna mnyama hata mmoja aliyekula pale. Sasa binadamu mwenye akili timamu nimwandikie barua kwamba asile majani ya mtaroni?"

Dobi alitazama mikono yake. Kucha zilikuwa bado za kijani.

"Hatukushtaki," Ofisa alisema, sauti yake imerudi chini. "Mimi pia nina mama. Tunafanya hivi: wewe unatia saini maelezo yako, mimi naandika barua kwa daktari."

Alimsomea maelezo. Kwamba yeye, kwa hiari yake, aliingia eneo lisiloruhusiwa. Kwamba alichuma mimea isiyo ya chakula. Kwamba alimlisha mgonjwa kwa mkono wake. Pale kwenye neno mkono, Dobi alifumba macho. Nje ya dirisha, vijana walikuwa wanapaka chokaa mawe ya pembeni mwa njia.

"Jina la dawa litakuwemo kwenye barua?"

"Kila kitu kitakuwemo."

Alitia saini, polepole, kwa jina lake lote ambalo hakuna mtu aliyelitumia tangu siku ya harusi yake. Ofisa alikunja karatasi mbili, akazitia ndani ya bahasha, akalamba gundi, akapiga muhuri mara mbili. "Usiifungue. Ni ya daktari."

Alirudi mbio, bahasha kaiweka kifuani chini ya kanga ili jasho la mkono lisiilowanishe. Barabara ilikuwa safi ajabu. Nyasi za kingo zote mbili za mfereji zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawia, zimelala chini kama nywele za maiti.

Daktari aliifungua bahasha akiwa amesimama. Alisoma, akageuza, akasoma nyuma, akageuza tena.

"Soma kwa sauti," Dobi alisema. "Tafadhali."

"'Dawa iliyotumika ni ya kuua magugu,'" daktari alisoma. "'Ni salama kwa matumizi yaliyokusudiwa. Maelezo ya mhusika aliyekiri kosa yameambatishwa.'" Akaigeuza tena. "Basi. Hakuna zaidi."

"Na jina?"

Daktari alimrudishia barua, akaenda kwenye simu iliyo ukutani, akainua mkonga wa simu, akasubiri, akaurudisha.

Ndipo muuguzi mkuu alipoingia na watu wawili na rundo la mashuka mapya, meupe, mikunjo ya dukani bado haijatoka. Alisema mgeni ataanza na wodi hii. Alihesabu vitanda kwa kidole, akasimama kwenye cha tatu.

"Huyu hapana. Mtoeni hapo nyuma kidogo. Ni nusu saa tu, mama, msiwe na wasiwasi. Mgeni akipita anarudi kitandani kwake."

Walikisukuma kitanda hadi kwenye baraza ya nyuma, juani, kati ya mapipa ya taka na ngazi zilizovunjika. Gurudumu moja lilikuwa halizunguki. Binti alishika miguu ya bibi yake isiteleze. Bibi alikuwa anavuta pumzi fupi fupi, mdomo wazi, midomo imepasuka na kutoa maji, na nzi walikuwa wameshajua. Ndani, mlango ulifungwa. Ving'ora vilisikika getini, kisha makofi, kisha sauti za wauguzi wakiimba wimbo wa kumkaribisha mgeni.

Bibi alisogeza macho, akatafuta. "Joto," alisema.

Dobi hakuwa na kitu kingine mkononi. Alikunjua ile barua, akainyoosha vizuri juu ya paja, akaanza kumpepea.