Joto la Saa Kumi

Mchora ramani alirudi nyumbani saa kumi alasiri, akatua mkoba, akapitisha kiganja juu ya kompyuta yake ya mpakato pale mezani. Ilikuwa ya moto. Jua lisingeweza kuipasha namna ile, kwani pazia la upande wa meza lilikuwa limefungwa tangu asubuhi. Lilikuwa joto la kitu kilichotoka kazini, kama mgongo wa punda aliyetuliwa mzigo sasa hivi.

"Kuna mtu ametumia kompyuta yangu?"

Mumewe alikuwa amejinyoosha kwenye kochi. Alikuwa mwoka mikate. Kazi yake ilianza alfajiri na kwisha saa saba mchana. Hakufumbua macho. "Nani aitumie? Mimi na mashine tunaelewana zikiwa na unga tu."

Mkwewe, aliyeketi kwenye kiti chake cha dirishani, aliendelea kutazama nje. Mzee huyo aliendesha malori miaka thelathini na minane, mpaka kiharusi kilipomlegeza mkono wa kushoto na daktari akamkataza kushika usukani. Alihamia kwao mwaka mmoja uliopita, na tangu siku hiyo maneno yake yalikuwa matatu: ndiyo, hapana, nimeshiba.

Mwanamke hakuridhika, na alikuwa na sababu. Mwezi uliotangulia kompyuta ile ilizimika yenyewe mara mbili katikati ya kazi. Mara ya pili ilimeza ramani ya paa la zahanati, akakesha siku mbili akiichora upya. Aliambiwa ofisini kwamba ni joto. Akatoa amri nyumbani: hakuna filamu, hakuna gemu, hakuna kuigusa. Sasa mtu alikuwa akiigusa.

Akajitia hamnazo, akaanza kuchunguza. Jumatatu alikuta vizibo vinne vya soda vimepangwa kwenye droo ya meza, na nyumba ile hainywi soda, kwa ajili ya sukari ya mzee. Jumanne feni ya chumbani ilikuwa imehamia sebuleni, shingo imeinamishwa kuelekea mezani. Jumatano asubuhi, kabla ya kwenda kazini, aliipindua kompyuta, akaona skrubu moja imekwaruzwa, inang'aa kama jino jipya. Mtu aliyefungua kifuniko cha chini alitafuta nini humo ndani? Au aliweka nini?

Kazini alimweleza fundi umeme waliyeshirikiana naye ofisi.

"Dada, mashine haichemki kwa barua pepe," fundi alisema. "Ikiwaka hivyo, ujue inabeba mzigo mzito."

"Mzigo kama nini?"

Fundi akatazama pembeni. "Video, kwa mfano. Mtu akiongea na mtu uso kwa uso, saa moja, saa mbili. Lakini mimi sijasema kitu."

Ndivyo wanavyosema wote waliokwisha sema. Siku nzima mistari ya ramani ilimcheza machoni. Mumewe anarudi saa saba. Yeye anarudi saa kumi. Katikati kuna saa tatu, na mzee asiyesema.

Kesho yake kabla ya kutoka alilaza uzi mweusi juu ya kifuniko, upande wa kulia, mwembamba kiasi kwamba mwenyewe aliinama kuuona. Aliporudi, uzi ulikuwepo. Umelazwa vizuri kabisa. Upande wa kushoto.

Hilo lilimtia baridi kuliko kama angeukuta sakafuni. Mtu huyo alijua anawindwa, na alikuwa na subira ya kuokota uzi.

Wakati wa chakula alimtupia mumewe jicho. "Siku hizi mchana unalala?"

"Kama gogo."

"Mbona macho mekundu?"

"Unga, mke wangu."

Mzee akakohoa, akasema ameshiba, ingawa sahani yake ilikuwa nusu.

Ijumaa aliomba ruhusa, akatoka ofisini saa nane na nusu. Alizunguka nyuma ya nyumba, akavua viatu, akaingia jikoni viatu mkononi. Mlango wa sebule ulikuwa umerudishwa. Akatega sikio.

"Taratibu naye," mumewe alikuwa akinong'ona. "Ukimkurupusha atachemka, halafu azime tuumbuke."

"Mpulizie basi," ilijibu sauti ya pili.

Ilikuwa sauti ya kiume, nene, yenye kicheko tumboni. Hakuwahi kuisikia ndani ya nyumba ile. Kumbe si mwanamke. Mumewe alikuwa ameingiza mtu asiyemjua, na wawili hao walikuwa wakiifanyia kompyuta yake jambo la kunong'onezana. Aliusukuma mlango kwa bega.

Hapakuwa na mgeni. Mkwewe alikuwa ameketi mezani, mgongo umenyooka, vidole vya mkono wa kulia juu ya vitufe. Mumewe alikuwa ameshika feni kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto, akiielekeza chini ya kompyuta iliyosimama juu ya vizibo vinne. Kwenye kioo, lori refu lilikuwa likiteremka mlima katika mvua.

Lori likaacha barabara, likagonga jiwe.

"Nimeua gari," mzee alisema.

"Mmeniua mimi!" mwanamke alifoka, viatu bado mkononi. "Nililia humu ndani kwa ile ramani. Mlinisikia. Halafu mnacheza gemu kwenye kazi yangu, mnaniambia unga?"

Mumewe akafungua mdomo, lakini mzee alimnyamazisha kwa kidole.

"Kosa ni langu, mwanangu. Mwenzako alinionyesha siku moja tu, nichangamke. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania. Na uzi niliuokota mimi. Macho yangu ya mbali ndiyo mabovu, ya karibu bado mazima. Ila nilisahau ulikuwa upande gani."

"Nani aliyefungua skrubu?"

"Mimi." Akavuta bahasha kutoka mfuko wa shati, akaimimina mezani. Likatoka donge la vumbi na nyuzi za blanketi, limeshikana kama kipande cha sufi. "Hili lilikuwa limeziba njia ya hewa. Rejeta ikiziba, hata uendeshe tambarare injini itachemka. Wewe huwa unaiweka wapi unapochora?"

Alitaka kujibu kwa ukali, akakumbuka: kitandani, juu ya mto. Mto unaziba matundu ya chini.

"Tangu niisafishe, imekuzimikia tena?"

Akahesabu siku kimoyomoyo. Wiki tatu. Hata mara moja.

Akakaa chini. Hasira haikuwa imekwisha, ila ilikuwa imepoteza mahali pa kusimama. "Mngeniambia," alisema.

"Ungekataa," mumewe alisema.

"Ningekataa. Na ilikuwa haki yangu kukataa."

"Kweli kabisa," mzee alisema, akaanza kusukuma kiti nyuma ainuke.

Mwanamke aliutazama ule mkono mlegevu ukitafuta ukingo wa meza. Akafikiria sauti aliyoisikia jikoni, jinsi alivyodhani ni ya mtu mwingine.

"Baba, kaa," alisema. "Kazi yangu naihifadhi kwanza, kila siku, kabla hujagusa. Saa tisa hadi saa kumi, basi. Na bisibisi sitaki kuiona tena mpaka uniite nisimame hapa."

"Ndiyo," mzee alisema kwa mazoea. Kisha akaongeza, "Mlima huu naujua. Si huu wa gemu, wa kweli unaofanana nao. Nilishuka nao na tani ishirini za saruji, breki zinanuka. Vuta kiti nikuonyeshe."

Akavuta kiti. Mzee aliweka gia ndogo, akaanza kusimulia tangu juu kabisa ya mteremko, mahali walipopakia mzigo.