Ubeti wa Tatu Dukani kwa Lilavati

Selina alifika Mtaa wa Msimbazi na kanda ya kwaya kwenye pochi. Wanakwaya wenzake wa Magomeni walikuwa wamechanga wamnunulie mwalimu wao, Ansbert, hedifoni bora za kuchomeka sikioni, wakamtuma yeye achague. Jioni hiyo hiyo Ansbert angezitumia kusaka kwenye kanda hiyo sauti inayoharibu ubeti wa tatu. Atakayebainika hataingia studio mwezi ujao. Wote walijua anamshuku nani: Selina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na kanda yako?" aliuliza Lilavati, mwenye duka. "Ya dukani sikuwekei. Ile hata redio mbovu inaiimba vizuri."

Ndani ya kabati la kioo zililala jozi tatu, ndogo kama punje za mahindi. Miaka kumi nyuma ungezipata kwa baharia tu, tena kwa kunong'onezana, kama magendo yote. Sasa zilipangwa mchana kweupe, kila moja na kibandiko cha bei. Lilavati alizifuta kwa pamba yenye spiriti, akaitia kanda ya Selina kwenye wokmani, akachomeka za kwanza.

"Ubeti ule ule kwa zote. Na sauti usiongeze. Ukiongeza, unajidanganya."

Selina akafumba macho. Honi na wauza mitumba wakazama. Kwaya ikamjia kama ukungu wa asubuhi kule Kibosho, laini, haina kingo. Sauti yake haikuwemo, au ilikuwa kila mahali. Moyo ukatulia. Kwa hizi, Ansbert asingemkamata mtu.

"Umezipenda," alisema Lilavati.

"Mno!"

"Kila mtu anazipenda hizo. Zinasamehe. Jaribu nyingine."

Za pili zilinguruma kama tangi la maji linalogongwa. Akazitoa kabla ya kiitikio.

Za tatu zilianza na kimya. Kisha ukungu ukaondoka. Akamsikia mwenzake Paskalina, upande wa kushoto, akivuta pumzi. Akasikia benchi likilia. Akaanza kutembea katikati yao, mmoja mmoja, kana kwamba wamesimama kwenye uwanja usio na ukuta na nyayo zake hazigusi chini. Ubeti wa tatu ukaingia. Besi moja nzito ikaanza kuteleza chini, taratibu, ngazi kwa ngazi, na wengine wakaifuata kama watu walioshikana mikono usingizini. Juu ikabaki sauti moja nyembamba, pale pale walipoanzia.

Ilikuwa yake. Na besi ile ilikuwa ya Ansbert, ambaye siku zote huimba huku akiwaongoza.

"Mama," alisema Selina, bado amefumba macho, "mtu akisikia kosa lake kwa hizi, atamsamehe aliyemletea?"

"Mimi nauza hedifoni, binti. Msamaha kaulizie parokiani."

Selina akacheka, akazitazama zile za ukungu. Akizichukua, Jumapili atasimama mahali pake kama kawaida. Ubeti utaendelea kuzama, naye itabidi ajifunze kuzama nao.

"Nitachukua hizi za tatu."

"Mwalimu wako atazipenda?"

"Sijui. Mimi nimezipenda."

Lilavati akanyoosha mkono azitoe masikioni mwake, azitie kwenye boksi. Selina akaushika mkono ule, polepole.

"Subiri, mama. Ubeti haujaisha."