Ukuta wa Nyuma wa Depo

…njano ishuke mpaka chini kabisa, anasema Papa Félicien, mwenye depo hii anayoigeuza ukumbi wa harusi, maarusi wakiingia waone jua tu, na mimi niko juu ya ngazi nakwangua chokaa ya zamani kwenye ukuta wa nyuma, kuta tatu nimeshamaliza, samaki wekundu wakubwa kuliko watu, majani ya buluu mpaka kwenye paa, watu wanatoka Alunguli kuja kushangaa, wanasema huwezi hata kujua kwamba hapa palikuwa gereza wakati wa vita… ndiyo maana nilikubali kazi hii, isijulikane… na sasa chini ya chokaa kuna herufi zilizochimbwa kwa msumari, AYOUBU, njo mwandiko wake, ile Y yenye mkia, yaya yangu, kaka yangu mkubwa, miaka kumi na saba, na chini yake, NI VICTO ALISEMA… hapana, angejuaje, mimi Victorine nilikuwa na miaka kumi, mji umefungwa, hakuna garimoshi, mwezi mzima tunakula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, askari akachuchumaa mbele yangu, akasema kwa upole, "Mutoto muzuri, yaya yako iko wapi?" nami nikanyoosha kidole kwenye dari alikojificha, akanipa chumvi kwenye karatasi, nikamwambia Mama nimeiokota njiani, Mama akapika huku analia, akanituma hapa mlangoni na sahani, siku ya kwanza Ayoubu alionja, akaniangalia kupitia nondo za dirisha, akanirudishia sahani, siku ya pili hakugusa, siku ya tatu pia, Mama akasema, mutoto wangu ni mugonjwa, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikala yote, nikalamba na sahani… siku ya nne wakasema hayupo tena… kumbe hakuwa mgonjwa, chumvi walikuwa nayo askari peke yao, mji mzima ulijua, aliniona kwa ulimi wake… "Mama Victorine, pale kumeandikwa nini?" Papa Félicien ameshika ngazi, "Majina tu, Papa," "Ya nani?" "Ya watu wa zamani," "Basi funika, harusi ni Jumamosi," ndiyo, nitafunika, lakini miaka yote nilijiambia, angalau alikwenda bila kujua ni mimi, kwa neno hilo niliolewa, nikazaa, nikamzika Mama, nikapata usingizi, na sasa Papa Félicien anangoja pale chini, rangi inadondoka sakafuni, na yaya yangu alikufa akinijua.