Mvule wa Mgeni Rasmi

Mvua ilikuwa inanyesha siku ya tisa mfululizo, na Mama Miche alikuwa amepiga magoti kwenye tope la kitalu, wembe mkononi, akikata mizizi. Miche ya mvule ilikuwa imetoboa viriba vya plastiki na kuanza kujichimbia ardhini yenyewe, imechoka kungoja. Kila alipoinua kiriba, mzizi ulikatika, naye akasonya. Miche elfu moja na mia mbili. Mbegu zake aliziokota kwa mkono wake chini ya mvule mkubwa wa mwisho uliobaki katika hifadhi ile, akigombania matunda na popo.

Alipomaliza safu ya nne alinawa, akaenda ofisini kwa Mhifadhi, bosi wao, kijana wa rika la mwanawe wa kwanza. Alisimama mlangoni. Wenye matope miguuni hawakuruhusiwa kuvuka kizingiti.

"Bosi, mvua imekolea. Tukipanda wiki hii, yote inashika."

"Mama, si tumeshaongea? Mgeni rasmi kasogeza tarehe."

"Mara ya tatu hii."

"Ana majukumu."

"Na mvua je?"

Mhifadhi alicheka mpaka akaweka simu mezani. "Mama una maneno wewe! Sasa tukipanda yote leo, mgeni akija atapanda nini? Mawe?"

"Tumbakizie mmoja."

"Mmoja! Watu wa televisheni watoke huko kote waje kupiga picha mche mmoja? Subira yavuta heri, mama. Na barua yako iko humu." Aligonga droo kwa kidole. "Miche ikishika, naisaini."

Barua hiyo ilikuwa ya ajira ya kudumu. Mama Miche alikuwa kibarua wa hifadhi kwa miaka kumi na mmoja. Mumewe naye alikuwa kibarua wa doria humo humo, mpaka nyati alipomkanyaga na kumvunja nyonga. Hospitali waliuliza bima, ofisi ikajibu kibarua hana bima. Sasa mwanamume yule alikuwa analala kwa upande mmoja tu, na kugeuzwa alitaka ageuzwe na mkewe, si jirani. Mwajiriwa wa kudumu hutibiwa yeye na mwenzi wake. Kwa hiyo Mama Miche alirudi kitaluni, akaendelea na safu ya tano.

Mgeni rasmi alikuja wiki ya saba baada ya mvua kukatika, vumbi la magari likimtangulia. Shimo lilikuwa limechimbwa tangu jana yake, samadi imetiwa, zulia limetandikwa kandokando. Kazi ya kuchana kiriba kabla mche haujaingia shimoni ilikuwa ya Mama Miche, naye alikuwa tayari na wembe wake. Mtu wa itifaki akamtazama gauni, akamzuia kwa mkono.

"Wewe kaa huko nyuma. Utaingia kwenye picha."

Mgeni rasmi akaupokea mche, akautumbukiza shimoni na plastiki yake, akafukia.

"Bosi, kiriba," Mama Miche alimnong'oneza Mhifadhi. "Hakijachanwa."

"Nyamaza."

"Mizizi itatokea wapi?"

"Unataka nimkosoe mheshimiwa mbele ya kamera?"

Watu wakapiga makofi. Mama Miche hakupiga.

Ile mingine ilipandwa jioni hiyo hiyo, haraka haraka, katika ardhi iliyokuwa inakataa jembe. Mwezi haukuisha, ikawa vijiti. Ripoti iliandikwa kwamba miche elfu moja na mia mbili imepandwa, na uongo haukuwamo. Mche wa mgeni rasmi peke yake ulijengewa uzio wa waya, ukatiwa kufuli, ukawekewa kibao: MVULE, MTI WA ASILI, na chini yake jina la mheshimiwa. Ukamwagiwa maji asubuhi na jioni, ukazidi kunyauka.

"Nifungulie nichimbe," Mama Miche alisema. "Nikitoa plastiki utapona."

"Ukichimba ukafa, nani atajibu?"

"Utakufa hivyo hivyo."

"Basi ufe bila mtu kuugusa."

Ukafa. Siku mbili baadaye ofisi ya mheshimiwa ikaomba picha ya maendeleo ya mti, na Mhifadhi akaja kitaluni mwenyewe, viatu vyake safi vikiingia tope la maji ya kumwagilia, amebeba mche alionunua barabarani.

Mama Miche hakuupokea. "Huu mkaratusi."

"Ni wa kijani."

"Bosi, miaka yote hii unanituma kuing'oa. Si wewe uliyesema inakausha kijito?"

"Mama, usinitie presha. Huu ukisimama wakaridhika, barua naisaini siku hiyo hiyo. Mzee wako anaendeleaje na nyonga?"

Aliuliza kwa upole kabisa. Mama Miche alitamani kumtupia tope la usoni. Badala yake akanyoosha mikono, akapokea. Alichana kiriba vizuri, juu mpaka chini, akaupanda ndani ya uzio, kama anavyojua kupanda.

Mkaratusi haukumwangusha. Mvua zilizofuata ulikuwa umeshapita uzio. Barua bado ilikuwa kwenye droo ile ile. Sasa ilikuwa inangoja bajeti.

Siku moja likaja darasa la watoto na madaftari yao kujifunza miti ya asili. Mhifadhi aliwapokea kwa tabasamu, akawapeleka moja kwa moja kwenye kibao, akamwita Mama Miche aje atoe maelezo. Binti mmoja wa mbele akaokota jani, akalifikicha, akanusa.

"Mwalimu, mbona linanuka dawa ya mafua?"

Mwalimu naye akanusa. Akamgeukia Mama Miche. "Mama, wewe ndiye mtaalamu. Mti gani huu?"

Mhifadhi alikuwa amesimama nyuma yao, mikono mifukoni, akimtazama.

"Mvule," alisema Mama Miche.

Watoto arobaini wakainamisha vichwa, wakaandika.