Nembo ya Dhahabu

Vrajlal Soni alikuwa na macho mawili, na kwa miezi minne sasa hakuliamini hata moja. Aliliamini gari. Lilipolia alisimama, liliponyamaza alikwenda, na kwa mtindo huo alimfikisha mjukuu wake Pihu shuleni kila asubuhi, kupita riksha, pikipiki na ng'ombe wote wa Rajkot, bila kumkwaruza mtu. Daktari wa Ahmedabad, ambaye mzee alimwendea kwa siri akisingizia harusi, hakumung'unya maneno: katikati utaendelea kuona vizuri, pembeni kunaingia giza, na usukani uuache leo. Mzee akamshukuru sana, akaingia garini, akaendesha mpaka kwao.

Tusimwite mkaidi bure, sababu alikuwa nayo. Tangu mwanawe ashike duka la usonara, nyumba nzima haikumwomba kitu ila hicho kimoja: mpeleke mtoto, mrudishe mtoto. Akinyang'anywa hicho, angebaki barazani akitafuna ganthiya za unga wa dengu na kuulizwa kama amekunywa dawa. Hilo hakulitaka hata kulisikia.

Sasa Jumanne moja gari lenyewe likaingia upofu. Taa ya manjano iliwaka kwenye dashibodi, na maneno chini yake kwamba rada ya mbele haioni. Mzee akamshusha Pihu shuleni, akaenda moja kwa moja gereji.

Fundi wa zamu alikuwa Falguni, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, amevaa sare ya rangi ya machungwa, na mdomo wake haukujua likizo. Alifika mbele ya gari, akasimama, akashika kiuno.

"Vrajlalbhai, nani kalivisha gari pete?"

"Mimi, juzi hii, siku ya Dhanteras. Msonara gani ataacha nembo ya bati imkodolee macho siku ya kuabudu dhahabu?"

"Si bati, ni plastiki. Na walioiweka plastiki walikuwa na akili zao."

"Haya, nifundishe, mwalimu."

"Rada imejificha nyuma ya hii nembo. Inatupa mawimbi, yanapita kwenye plastiki kama hakuna kitu, yanagonga lori lililo mbele yako, yanarudi. Gari linapiga hesabu, linajua lori liko umbali gani na linakwenda kasi gani. Wewe umekuja na dhahabu yako. Mawimbi hayapenyi metali, Vrajlalbhai. Yanatoka, yanakutana na ufundi wako, yanarudi hapo hapo. Umelifunga gari kitambaa usoni, tena cha thamani."

Mzee alicheka kidogo, kisha akainama kwenye bampa. "Na hivi vidude vya duara?"

"Hivyo ni vihisi vya ukoo mwingine. Hivyo vinapiga sauti, nyembamba mno, sikio lako haliipati. Sauti ikigonga ukuta inarudi, kidude kinaisikia. Ukuta ukiwa karibu inarudi upesi, ndipo unasikia ti-ti-ti mle ndani. Hivyo ni vizima, dhahabu yako haikuvifikia."

"Ikitoka dhahabu, rada itaona kama zamani?"

"Kama zamani."

"Basi itoe."

Falguni alimtazama. Ile ilikuwa kazi ya msonara stadi: dhahabu iliyofuliwa nyembamba kama jani, tabaka juu ya tabaka, kila ukingo umefuatwa pasipo kuvuka hata unywele. "Huoni uchungu? Mtu angekwangua kazi yangu hivi, ningemtia ngumi."

"Itoe, mwanangu. Nina mtoto wa kumchukua saa sita."

Uchungu aliuona, tena sana. Alijua hatapata tena mkono wa kufanya kazi kama ile, maana mwanga uliobaki machoni mwake ulikuwa mdogo kama tundu la bangili. Lakini dhahabu haiwezi kumpeleka mtoto shule. Akaketi pembeni, akapokea kikombe cha chai.

Falguni aliingia garini kwanza akavizima vile vidude vya bampa, visije vikamlilia muda wote akiwa pale mbele. Mzee alikuwa akipuliza chai yake, hakumwona. Fundi akapaka dawa, akakwangua taratibu kwa kijiti, akafuta. Haikufika nusu saa, nembo ikawa plastiki tena, mbichi na bila haya.

"Ingia uwashe," Falguni aliita, "tuone kama taa imezimika."

Mzee aliingia, akawasha. Taa ilikuwa imekwenda zake. Furaha ilimpanda mpaka kooni, hakungoja kuambiwa neno. Falguni alikuwa amechutama kwenye pembe ya kushoto ya bampa, anaokota kwa kitambaa vipande vya dhahabu vilivyodondoka ili amrudishie mwenyewe. Mzee alitega sikio. Kimya. Na kimya kwake kilikuwa na maana moja tu, kwamba njia ni nyeupe. Akatia gia, akaachia breki.

Kiganja kilipiga boneti mara mbili, kwa nguvu zote.

Alikanyaga breki mpaka mwisho. Ndoo ya fundi ilikuwa inabingirika sakafuni, na Falguni alikuwa amekaa chini, bega limebanwa na bampa, rangi imemtoka.

"Umeumia?" Mzee alikwisha shuka, mkono umeshika mlango.

"Nimesukumwa tu." Aliinuka, akajipangusa magoti. "Kosa langu, Vrajlalbhai. Nilivizima vile vidude, nikasahau kukwambia. Usijitie presha."

Ilimbidi mzee ageuze kichwa chote ndipo ampate. Sare ya machungwa, rangi ambayo mtu huiona akiwa ng'ambo ya barabara, na ilikuwa pale muda wote, hatua mbili kutoka kwake. Akamfikiria Pihu, ambaye hapiti geti la shule bila kuchutama afunge kiatu. Hofu ikamwingia, ile ambayo daktari alishindwa kumtia kwa maneno. Akaegemea gari.

Falguni alikwisha chukua fomu mezani, maana gari likimgusa mtu mle gereji ni lazima tukio liandikwe. "Naandika vihisi vilizimwa na fundi," alisema. "Msimamizi atanifokea mpaka jioni, kisha yataisha."

"Usiandike hivyo."

"Si uongo, nilivizima mimi."

"Ulikuwa mbele yangu, umevaa machungwa. Ningekuwa na macho, ningehitaji kengele ya nini? Andika dereva haoni."

Kalamu ilisimama. Falguni alimtazama usoni, na safari hii hakuwa na mzaha. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Dhanteras. Andika, mwanangu, usinionee huruma. Nikitoka hapa bila kuandikwa, nitabadili mawazo njiani."

Akaandika. Mzee akamtaka amsomee, akamsomea, kwa sauti ya chini. Kisha mzee akatoa simu, akampigia Rupal, mke wa mwanawe.

"Mtume mtu akamchukue Pihu saa sita," alisema. "Hapana, gari halina neno, limepona. Mimi ndiye nisiyeona, Rupal. Daktari aliniambia zamani, nikawaficha."

Mzee alimpa Falguni ufunguo wa gari, akaketi kwenye kiti cha plastiki, simu bado sikioni, akimsikiliza mkwe wake.